Mita ya Kugongwa Mara Mbili

Kambi ya Karavani ya Garthend
Withernsea
14 Januari 1992

Bi Sowerby,

Natumaini hujambo, na pole tena kwa msiba. Nakuandikia kwa sababu simu ya ofisi imefungwa mpaka kambi ifunguliwe tarehe moja Machi, na jambo lenyewe haliwezi kungoja mpaka Machi.

Tarehe tano mwezi huu nilizunguka karavani zote, kila nyumba ya magurudumu hapa kambini, kufunga msimu. Nilifungua kisanduku cha mita ya umeme cha namba 27, karavani yenu, nikatoa sarafu zote zilizolipia umeme, nikaandika namba, nikafunga. Mshale wa salio ulikuwa kwenye sifuri. Unajua desturi ya watu wa hapa: katikati ya msimu kila anayeondoka humwachia anayekuja pauni moja au mbili ndani ya mita, asije akaingia gizani. Lakini mwisho wa msimu hakuna wa kuachiwa, kwa hiyo sifuri ni sawa.

Jana nimepita safu ya tatu kuangalia kama upepo umeng'oa kitu, nikaona kisahani cha mita yenu kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka. Nikafungua kisanduku. Ndani mna sarafu tisa za pauni.

Mlango haujavunjwa. Madirisha mazima, mapazia yamefungwa.

Sheria unaijua. Januari na Februari haruhusiwi mtu kulala hapa. Ikijulikana, Bwana Lumley atapoteza leseni ya kambi, na mimi nitapoteza kibanda hiki na kamshahara kanakokuja nacho. Swichi ya safu nzima iko ofisini kwangu. Nikiivuta, aliyemo atatoka mwenyewe kwa baridi. Ila karavani ni yako, ndiyo maana nakuuliza kwanza. Umempa mtu ufunguo? Nijibu upesi. Lumley anakuja kukagua tarehe 14 Februari.

W. Garbutt, msimamizi


Mtaa wa Chapel, namba 9
Rotherham
17 Januari

Bwana Garbutt,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nyonga yangu hii haipendi kusimama.

Sijampa mtu ufunguo. Wangu uko hapa msumarini, nauona ninapokuandikia. Tangu nimzike Norman mwezi wa Oktoba sijafika huko, wala sina hamu ya kufika. Karavani nimeshamwahidi mtu wa Barnsley, Bwana Crabtree. Pasaka atakuja na pesa zake aichukue, nami nipumzike. Nimechoka, Bwana Garbutt. Nimechoka na karatasi za msiba, nimechoka na watu wanaoniuliza naendeleaje huku wameshageuka kuondoka. Sasa na wewe unaniletea mwizi.

Waite polisi wamtoe, yaishe.

Halafu nimekaa na chai yangu nikafikiri, na kuna kitu hakiniingii akilini. Mwizi gani analipia umeme? Tena kwa bei ya Lumley! Marehemu alikuwa akisema ukitia pauni kwenye mita ile, chai haijachemka mshale umeshaanza kurudi. Alimwandikia Lumley barua tatu, hakujibiwa hata moja. Mimi mwenyewe mwezi wa Mei nilikuwa nakaa humo ndani na koti ili nisiwashe hita. Leo mwizi aje atie pauni tisa?

Hebu kaangalie tena vizuri kabla hujaita mtu.

Enid Sowerby


Garthend
20 Januari

Bi Sowerby,

Swali lako hilo ndilo lililoninyima raha tangu mwanzo. Sikutaka tu kuwa wa kwanza kuliuliza.

Kuhusu bei, usimlaumu Lumley peke yake. Aprili iliyopita nilizunguka na bisibisi nikabadilisha meno ya mita zote ili pauni iishe mapema. Amri ilikuwa yake, mkono ulikuwa wangu. Yenu niliibadilisha siku ambayo Norman hakuwepo. Alijua, na hakuniambia neno, na hilo liliniuma zaidi.

Nimeinua lile tofali chini ya ngazi. Ufunguo wa akiba mliokuwa mkiuweka hapo haupo.

Sasa sikiliza. Mita yenu ina kichaa chake. Kila mkiwapangisha watu wiki mbili tatu za kiangazi, lazima waje ofisini kwangu wamefura: "Mita inatutemea pesa!" Inabidi mimi niende kuwatilia. Sarafu inaingia nusu, inakwama, inarudi mkononi. Mpaka uisukume kwa kidole gumba, halafu ugonge kisanduku upande wa kulia kwa kiganja, mara mbili, si kwa nguvu. Hapo ndipo inameza. Nilitaka kuitengeneza, Norman akakataa katakata. Alisema mita inayokataa kumpa Lumley pesa ni mita yenye akili.

Sarafu tisa, Bi Sowerby, na zote zimemezwa. Kisanduku hakina mkwaruzo. Wewe sikukuona hata siku moja ukitoka kutia. Ulikuwa unakaa ndani ukipiga kelele "Umewaka!" Nilikuwa nakusikia kutoka ofisini. Anayetoka kwenye upepo na kugonga alikuwa Norman, na Norman tumemzika. Mimi naijua, na si mimi.

Sisemi kitu. Nasema tu kwamba huyu mtu anajua kugonga mara mbili.

Swichi sijaivuta. Nijibu.

W. Garbutt


Rotherham
23 Januari

Wilf,

Ngoja nikuite Wilf. Kwa haya ninayokwenda kukuandikia, "Bwana Garbutt" ni mbali mno.

Norman alimfundisha mwanetu kugonga ile mita akiwa na miaka minane. Alimnyanyua kwapani maana hakufikia. Nilikuwa ndani, nikasikia pigo la kwanza, la pili, taa ikawaka, na mtoto akacheka mpaka akapata kwikwi.

Jina la Russell halijatajwa katika nyumba hii kwa miaka saba. Mwaka ule wa mgomo wa mgodini ulikuwepo, unajua. Aligoma na wenzake miezi minane. Novemba akarudi kazini. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba na nyumbani kwao hakukuwa na kitu. Norman alisema wengi hawakuwa na kitu, na hawakurudi. Russell alipanda lile basi la wavunja mgomo, lenye nyavu madirishani, akapitishwa mbele ya baba yake aliyesimama getini na wenzake. Baadaye siku ile ile alikuja hapa kujieleza. Norman hakumwambia keti. Alitoa kikombe cha Russell msumarini, kile cha bluu alichokinywea tangu anasoma, akatoka nacho, akakitupa kwenye pipa la taka, akarudi akakaa mezani.

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Sikusema neno, Wilf. Mwanangu amesimama mlangoni, mimi nammiminia baba yake chai.

Zilikuja barua mbili miaka iliyofuata. Norman alisema zirudishwe. Mimi ndiye niliyezipeleka posta kwa mkono wangu. Najichukia kwa hilo kuliko kwa lile la chai.

Norman alipokufa nilimwandikia Russell kwenye anwani ya mwisho niliyokuwa nayo, Doncaster. Hakuja. Mazishi yote nilikuwa natazama lango la makaburi, mpaka dada yangu akaniuliza namngoja nani. Nikasema basi, mwanangu amenifuta. Ndiyo wiki niliyomwahidi Crabtree karavani. Sasa unaniambia yuko mle ndani.

Nakuomba usivute swichi. Usimgongee mlango pia, ukimshtukiza anakimbia, tangu mdogo. Kuja siwezi, mabasi ya pwani hayatembei Januari na nyonga hii haitaki. Na kusema kweli naogopa. Akinifungia mlango nitaenda wapi tena? Nimefunga sarafu ishirini ndani ya soksi ya Norman. Mtilie kwenye mita. Kisha uniandikie mita inasomaje. Hilo tu.

Enid


Garthend
28 Januari

Bi Enid,

Soksi imefika. Mleta barua ameniuliza kama natumiwa risasi.

Nitakuambia ukweli, usinichukie. Mimi niligoma mwaka mzima, Machi hadi Machi. Hilda wangu aliuza pete yake tukala viazi. Alikufa mwaka uliofuata, kidole kitupu. Siku ya kurudi kazini nilitembea nyuma ya bendera ya chama bega kwa bega na Norman, tukilia wote wawili kama watoto. Na mgodi wakaufunga hata hivyo. Leo nalinda karavani tupu na kuchezea meno ya mita ili watu kama sisi walipe zaidi. Halafu aliyepanda lile basi analala hatua mia kutoka dirishani kwangu, na wewe unataka mimi nitoke kwenye upepo nikamtilie pauni.

Sitii. Sarafu zako nimeziweka kwenye kopo la biskuti. Mpaka sasa amejilipia, na aendelee kujilipia. Swichi sijaivuta, na hilo nalifanya kwa ajili yako. Ningesema ni kwa ajili ya Norman pia, ila Norman pengine angeivuta yeye.

Lakini kusoma mita ni kazi yangu, hakuna atakayeniuliza. Jana asubuhi: 4117. Leo asubuhi: 4121. Uniti nne. Hiyo ni taa, birika, na hita kidogo.

Wilf Garbutt


Rotherham
1 Februari

Wilf,

Sikuchukii. Pete ya Hilda naikumbuka, ilikuwa na kijiwe chekundu. Alikuwa anaivua akikanda unga pale ukumbini, wanawake tulipokuwa tukiwapikia wagomaji, na ananipa mimi nimshikie. Una haki na kila ulichoandika.

Uniti nne! Barua yako nimeibandika kwenye kabati la jikoni. Norman alikuwa na hesabu yake kwamba birika likichemka mara tisa ni uniti moja. Kwa hiyo chai anakunywa. Hita anaiwasha kwa saa moja tu, au mbili. Ni Russell huyo, kwa umeme ni mchoyo kama mimi. Najua atakuwa amekaa na koti.

Usicheke. Kwa miaka saba sikujua kama anakula au hali, yuko hai au hayuko. Sasa najua kwamba juzi amechemsha maji. Niandikie tena, siku kwa siku ukiweza. Karatasi na stempu nakutumia humu usije ukasema umeishiwa.

Enid


Garthend
6 Februari

Bi Enid,

Haya, chukua. Jumamosi tano. Jumapili tisa. Jumatatu sita, Jumanne tano. Jana mbili.

Jumapili nilipita upande unaokwenda upepo nikasikia harufu ya soseji na vitunguu. Sikupita makusudi. Kuna ngazi ya namba 30 ilikuwa imelegea.

Hizo mbili za jana usizitilie maanani. Huwa anatoka asubuhi na kile kikofia chake kwenda mjini, labda amepata kazi ya kutwa na harudi mapema. Bahari imekula yadi mbili nyingine za ukingo wa pwani wiki hii. Safu ya kwanza itabidi tuisogeze nyuma kabla ya Pasaka, na mimi nina ngiri. Tarehe mbili Machi nalazwa Hull waikate, Lumley ataleta kibarua akae getini.

Wilf


Rotherham
8 Februari

Wilf,

Jumapili ilikuwa tarehe mbili. Ndiyo siku aliyozaliwa. Ametimiza thelathini na mitatu, akajikaangia soseji na vitunguu peke yake, na akaacha hita iwake. Nimesoma hiyo tisa nikakaa chini kwenye ngazi za ndani, nikalia mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa wewe. Kikofia gani? "Kile kikofia chake"! Umemwona, Wilf Garbutt. Tangu lini umemwona? Na kama ulimwona, barua zote zile za "mtu" na "huyu mtu" zilikuwa za nini? Ulikuwa unanipima?

Nitagombana nawe siku nyingine. Sasa niambie kwa nini mbili. Hakuna kazi ya kutwa Withernsea mwezi wa Februari, usinidanganye kama mtoto. Kifua chake ni kibovu tangu shimoni. Mtu hatumii uniti mbili kwenye baridi hii kama ana pesa mfukoni. Zitie zile sarafu. Kama si kwa ajili yake, kwa ajili ya wanawake wawili waliokanda unga pamoja.

Enid


Garthend
13 Februari

Bi Enid,

Barua hii ni ndefu na mimi si mwandishi, kwa hiyo nivumilie.

Ndiyo, nilimwona. Nilimwona tarehe nane Januari akipita kwenye uzio na mfuko mmoja, nikamtambua kwa mwendo wake, ni mwendo wa Norman. Nilikaa siku tano sijui la kufanya, kisha nikakuandikia kwamba kuna "mtu". Nilitaka nione utasema nini. Ungesema tena niite polisi ningewaita kwa furaha, na dhambi ingekuwa yako. Nisamehe. Nimebeba hasira hii muda mrefu mpaka nimesahau kuitua.

Ijumaa, tarehe saba, kisahani kilikuwa kimesimama kabisa. Mshale sifuri. Nilisimama karibu na kisanduku nikamsikia anakohoa, kile kikohozi cha vumbi ambacho mimi na wewe tunakijua. Nikaondoka. Nikafika ofisini, nikavua viatu. Nikavivaa tena. Nikarudisha sarafu ndani ya soksi kutoka kwenye kopo la biskuti, nikaenda nayo. Usiniulize kwa nini. Barua yako ya kunihimiza ilikuwa hata haijaandikwa.

Nikatia pauni. Ikakwama, kama kawaida. Nikagonga kisanduku mara mbili kwa kiganja.

Kikohozi kikanyamaza. Nikasikia mtu anajikwaa ndani, kitu kikaanguka, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Amesimama na blanketi, ndevu zimemjaa, uso wote unawaka. Hakuwa ananitazama mimi, Enid. Alikuwa anatazama pembeni yangu, nyuma yangu. Akaniuliza, "Mzee yuko wapi?"

Hakujua. Barua yako ya Doncaster hakuipata, alishahama huko miaka minne. Mkewe alimwacha, yuko Nottingham na mtoto, na Desemba yeye alifukuzwa kwenye chumba alichopanga. Akakumbuka tofali. Alijua Norman kila mwaka lazima awe wa kwanza kufika siku ya kufungua, akasema atamngoja hapo hapo, amkute ameshaziba lile paa linalovuja juu ya kitanda. Na kweli ameliziba. Aliposikia kisanduku kimegongwa mara mbili alidhani baba yake ameamua kuja mapema.

Ilibidi nimwambie mimi, nimesimama kwenye matope na soksi ya Norman mkononi. Sijawahi kufanya kazi mbaya kuliko hiyo, na nimefanya nyingi. Hakulia. Aliitazama ile soksi akauliza, "Hiyo ni yake?" Nikamwambia ni yake, na sarafu zilizomo ni za mama yake, anayeniuliza kila wiki mita inasomaje. Akageuza uso. Nikatia pauni nne nyingine. Jioni nikampelekea supu ya njegere, akala yote. Siku nne nilimpelekea.

Jana nikaenda kumkumbusha kwamba kesho kutwa Lumley anakuja, umeme lazima ukatwe mpaka kambi ifunguliwe, tutafute namna nyingine. Nikakuta ameondoka. Sakafu imefagiwa, kitanda kimekunjwa, gesi imefungwa, ufunguo uko chini ya tofali. Nilifungua kisanduku niandike namba ya mwisho. Mshale uko kwenye sita.

Pauni sita, Enid. Mtu asiye na pa kulala. Na anajua umeme unazimwa, hatautumia yeye. Mita zile ni za chuma tupu, umeme ukikatwa mshale unabaki pale pale ulipo mpaka ukirudi. Amemwachia anayekuja baada yake, kama desturi. Na kwenye karavani hiyo hakuna mwingine wa kuja baada yake ila wewe.

Kuna kitu kimoja zaidi. Siku moja ya zile nne nilimdanganya. Nilimwambia umeshaniandikia kwamba utakuja tarehe moja Machi, siku ya kufungua. Aliendelea na supu yake. Lakini alisikia. Kwa hiyo njoo, usinifanye mwongo. Mwambie huyo Crabtree akanunue pengine.

Russell. Haya, nimeliandika jina lake.

Wilf


Karavani namba 27, Garthend
3 Machi

Wilf,

Nakuandikia nikiwa ndani, na barua hii kibarua wako wa getini ameahidi kuipeleka posta. Ameniuliza mara tatu kama mimi ni mpangaji. Natumaini ngiri imekatwa salama na hukuwatukana wauguzi.

Crabtree amekasirika, akasema mwanamke mzima hana msimamo. Nikamwambia ndiyo, sina.

Nilifika Jumapili kwa basi la kwanza. Ukanifungulia, ukanibebea mkoba wakati daktari alikukataza, ukaenda zako. Taa ikawaka pale pale nilipobonyeza. Nilisimama nikiwa na koti na kofia nikitazama ile taa. Paa halivuji tena. Kwenye kabati nimekuta kile kikombe cha pili cha Russell, chenye picha ya punda wa ufukweni, ambacho Norman alisahau kukitupa. Au hakusahau. Kimeoshwa, kimepinduliwa juu ya kitambaa.

Jumapili hakuja mtu. Jana hakuja. Kila mlango wa gari ukifungwa mahali nilikuwa nasimama. Nyonga imevimba kwa kusimama tu. Pauni zake sita nimejaribu kuzibana. Nimekaa na koti, nimechemsha maji ya kikombe kimoja kimoja. Sikutaka ziishe, nitakwambia wazi. Nilikuwa naona zikiisha ndiyo mwisho wa habari zake.

Leo saa tisa mchana zimeisha. Hita ikalia kidogo ikazima. Nikavaa viatu nikatoka na sarafu zangu. Umenieleza mwenyewe namna ya kugonga, nikasukuma kwa kidole gumba, nikagonga mara mbili. Ikanitemea. Nikagonga tena. Ikanitemea. Pauni imeanguka kwenye matope mara nne, na kuinama siwezi. Miaka ishirini na tano ya kukaa ndani nikipiga kelele, na hata kutia sarafu sijui. Nikarudi ndani, nikakaa, nikasema basi, kesho narudi Rotherham, nimechoka. Nikaanza kukuandikia barua hii ili nikuage. Mpaka hapa nilikuwa nakuaga.



4 Machi, asubuhi

Wilf, sikuimaliza jana. Nakueleza jinsi ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeandika hilo neno la mwisho hapo juu nikasikia sarafu inaingia kule nje. Kisha kisanduku kikagongwa, mara mbili, si kwa nguvu. Hita ikawaka. Na mimi, Wilf, sikufikiri. Mdomo wangu ulifanya ulivyozoea. Nikapiga kelele, "Umewaka!"

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Norman yuko kaburini na wewe uko Hull.

Kisha sauti nje ikasema, "Nimetia mbili, mama. Na hizi zako nimeziokota."

Mlango niliufungua mimi. Safari hii nilikuwa na birika mkononi tena, na nilimmiminia yeye kwanza, kwenye kikombe cha punda. Yaliyobaki ni yetu. Amelala bado, nasikia kifua chake, kesho namtafutia daktari. Anauliza kama anaweza kuja kukuona hospitali. Nimemwambia akuulize mwenyewe, kwa hiyo chini ya jina langu nimemwachia nafasi, akiamka aandike mstari wake. Ukitaka mjibu, usipotaka usimjibu.

Ukitoka huko ukaja kusoma mita yetu, usishtuke. Jana usiku peke yake tumetumia uniti kumi na saba. Hakuna aliyekaa na koti.

Enid